Gredi ya 1 mwezi wa saba: maswali yenu kabla ya kengele

Majibu haya ni ya Julai 2021, hapa kwetu Pwani ya Kenya, wakati wa korona. Watoto walifunga shule Ijumaa tarehe 16 Julai, na Jumatatu hii tarehe 26 kengele inalia tena. Siku tisa tu, na Idd ikaangukia humo humo. Mwaka wa masomo wa 2021 unaanza mwezi wa saba, jambo ambalo katika miaka yangu 28 ya kufundisha darasa la kwanza sikuwahi kuliona. Simu yangu haijanyamaza wiki nzima. Nimechagua maswali saba ya wazazi, kwa sababu mengine ni haya haya yaliyovaa kanzu tofauti.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu anaingia Gredi ya 1 lakini herufi zote zimemtoka. Hata jina lake haandiki. Si afadhali arudie PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea? (Mama, Likoni)

Marahaba, mwanangu. Asirudie. Hebu tuhesabu pamoja. Mwanao alikuwa PP2 mwaka jana. Shule zikafungwa katikati ya Machi 2020, muhula wa kwanza haujaisha. Oktoba wakarudi Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 peke yao. Wadogo wakangoja hadi tarehe 4 Januari mwaka huu. Machi wakafunga, Mei wakarudi, Julai wakamaliza. Mtoto wa miaka mitano aliyekaa nyumbani miezi tisa na ushee, kisha akapewa mihula miwili ya mbio, akisahau herufi kuna ajabu gani? Wenzake ni hivyo hivyo, na mwalimu wa Gredi ya 1 analijua hilo kabla hujafungua mdomo. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haitaki mtoto azuiliwe darasani. Akikwambia mtu "arudie kwanza", muulize kwa adabu agizo hilo kalitoa wapi.

Januari niliitwa kusaidia shule moja ya jirani iliyopungukiwa na walimu. Kulikuwa na binti mmoja akishika penseli kwa ngumi, kama anashika mwiko wa kusongea sima. Si kosa lake. Miezi yote ile alikuwa jikoni na mama yake. Nilimwekea mchele kwenye sinia nikamwambia anichagulie mawe. Gumba na vidole viwili vikakaa vyenyewe. Nikamtia penseli mkononi pale pale, kabla vidole havijasahau. Wiki ya tatu aliandika jina lake, kubwa kama kibao cha duka, likajaza ukurasa mzima.

Basi kwa siku hizi zilizobaki, na wiki za mwanzo pia, mpe dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Somo lenyewe la Gredi ya 1 ni dakika 30, kwa hiyo usimkalishe saa nzima ukidhani unamsaidia. Anza na irabu: a, e, i, o, u. Kisha ma, me, mi, mo, mu. Akizishika hizo, mpe ka, ke, ki, ko, ku. Hapo ana silabi kumi, na silabi kumi ni mali: anasoma mama, mimi, kaka, kama, kumi. Mwandikie "kuku kumi" kwa mkaa sakafuni, umwache aipambanue mwenyewe. Mtoto akisoma "kuku kumi" kwa mara ya kwanza hucheka, na akishacheka ujue umempata. Ule wimbo wa herufi za Kiingereza uacheni kwanza. Nimeona watoto wanauimba mpaka mwisho kwa madaha, ukiwaonyesha herufi moja ukutani hawaijui kwa sura.

Jina lake liandike mchangani alifuatishe kwa kidole. Penseli itakuja.

Mwalimu, kijana wangu kila siku anapoteza barakoa. Wiki ya mwisho ya muhula alirudi na ya mwenzake, tena chafu. Nifanyeje? (Baba, Changamwe)

Pole, lakini umenichekesha. Nimeshuhudia kwa macho yangu barakoa yenye picha ya simba ikiuzwa kwa mabuyu matatu wakati wa mapumziko, na mnunuzi akaivaa papo hapo. Kuwagombeza hakusaidii. Barakoa yenye picha kwa mtoto ni kitu cha kubadilishana, kama gololi. Mpe isiyo na mvuto: kitambaa cha pamba cha rangi moja, matabaka matatu, jina limetiwa kwa uzi, maana wino hutoka kwa kufua. Lastiki izunguke kichwa badala ya kuning'inia masikioni.

Fundi wa mtaani atakushonea nne kutokana na vipande vya nguo. Moja usoni, moja ya akiba mkobani, mbili kambani zikikauka. Ya akiba itie kwenye kifuko cha kitambaa. Mifuko ya plastiki tuliiaga 2017. Ikilowa jasho abadilishe, na akikimbia uwanjani aivue. Mwaka huu wa 2021 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hawamdai barakoa mtoto wa miaka mitano kwenda chini, na kwa wa sita hadi kumi na mmoja wanaangalia hali ya mahali. Shule zetu mwaka huu zinadai, basi avae, lakini msimpige mtoto wa miaka sita kwa ajili ya kipande cha kitambaa.

Shule ya binafsi aliyokuwa akisoma binti yangu ilifungwa moja kwa moja wakati wa korona. Madarasa sasa yanafugiwa kuku. Shule ya serikali inaniuliza nambari ya UPI, na mwenye shule ya zamani hashiki simu. (Mama, Mtwapa)

Nambari ya UPI, yaani ya kumtambulisha mwanafunzi, mwaka huu wa 2021 iko kwenye NEMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa taarifa za elimu; haikufa na shule. Kawaida shule ya zamani humwachilia mtoto kwenye mfumo, na ile mpya humpokea. Ikiwa wa kumwachilia hapatikani, usihangaike kumpigia simu. Chukua cheti cha kuzaliwa, nakala yake, na ripoti yoyote uliyo nayo hata kama imekunjika, uende kwa mwalimu mkuu wa shule mpya umwombe amtafute kwa cheti. Akikwama, mguu wako wa pili ni ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Nenda asubuhi na mapema. Hauko peke yako, shule za namna hiyo zilizozimika ni nyingi.

Ikiwa sababu ya kimya chake ni deni la karo, mtajuana wewe na yeye. Mtoto aanze Jumatatu huku karatasi zikifuata. Mwalimu mkuu mwenye akili timamu hamwachi mtoto langoni kwa sababu ya kompyuta.

Idd imepita na mfuko mtupu. Kuna mwalimu anataka shilingi 1,500 za masomo ya likizo "kufidia korona". Nikope? (Baba, Kisauni)

Usikope. Sheria ile ile ya 2013 inakataza masomo ya likizo. Masomo katika shule ya msingi ya umma ni bure tangu 2003, na serikali huipa shule shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka. Huyo anakutaka kwa siku tisa zaidi ya serikali inavyotoa kwa mwaka mzima!

Najua hofu inatoka wapi. Mwaka huu una wiki 30 za masomo badala ya 39, muhula wa kwanza unakwisha tarehe 1 Oktoba, na kila mtu anakimbia. Mtoto anayeanza mbio hizo akiwa amechoka ataanguka Agosti. Alale, acheze. Sare ni ile ile ya mwaka jana, shusha upindo. Ukipata chochote, nunua viatu.

Akiamka na mafua nimpeleke au nimzuie? Msimu huu wa kusi kila mtoto anapiga chafya. (Mama, Bamburi)

Kamasi nyepesi, anacheza, anakula, hana joto: zungumza na mwalimu, na mara nyingi atakwambia umlete. Akiwa na homa, kikohozi cha kushikilia, kutapika au kulegea, abaki nyumbani. Na homa Pwani isikufanye uwaze korona peke yake. Mpeleke zahanati apimwe malaria siku hiyo hiyo, kwa sababu malaria haikwenda likizo. Ukiwa na shaka ya korona, mwaka huu wa 2021 namba ya simu 719 ni ya bure.

Kitu kimoja nakusihi. Usimnyweshe Panadol saa kumi na mbili asubuhi ukamtia shuleni. Dawa inaisha nguvu saa nne, homa inarudi, na mtoto anabaki amelalia dawati. Mwalimu anapiga simu, simu imezimwa. Nimekaa na watoto wa namna hiyo mapajani zaidi ya mara moja. Ikiwa huwezi kukosa kazi, tafuteni jirani wa zamu sasa hivi, kabla ya ugonjwa.

Mwanangu hajawahi kutengana nami. Muhula uliopita alikuwa analia langoni mpaka anatapika, na wazazi haturuhusiwi kuingia. (Mama, Tudor)

Huyo amejifunza kuogopa watu. Nusu ya umri anaoukumbuka tulimwambia usikaribie, usiguse, usitoke. Leo tunamsukuma kati ya watoto sabini na kumwambia acheze. Ana haki ya kulia.

Kesho na keshokutwa mpitishe njia ya shule kwa miguu, mpaka langoni, mrudi. Mwonyeshe choo kilipo ikiwa askari atawaruhusu. Wengi wanalilia choo kuliko mama, ila hawasemi. Tafuta mtoto mmoja wa mtaani anayekwenda shule hiyo, waingie wameongozana. Mmoja anatosha. Siku yenyewe umuage mara moja, kwa maneno mafupi, na umwambie utakuja baada ya nini: "baada ya uji", "baada ya chakula". Saa haijui bado, uji anaujua. Kisha ugeuke uende. Ukichungulia kwenye ukuta atakuona, na itabidi muanze upya.

Kwa kawaida wiki mbili zinatosha. Ikifika ya nne bado anatapika, omba kuzungumza na mwalimu mchana, watoto wakishatoka. Asubuhi langoni hakuna mwalimu anayesikia.

Mwalimu, mimi ni bibi wa miaka 66, nina kisukari, nalea wajukuu wawili. Mmoja anaanza Jumatatu. Majirani wanasema ataniletea ugonjwa, nimpeleke kwa shangazi yake Nairobi. Nami siwezi kulala bila yeye. (Bibi, Kilifi)

Bibi mwenzangu, majirani hawalei wajukuu wako. Kwanza chanjo ya korona. Wazee wa miaka 58 na zaidi walitangulizwa tangu Machi mwaka huu wa 2021, kwa hiyo ikiwa hujaenda, nenda hospitali ya karibu na kitambulisho chako, ukawaambie na habari ya sukari. Ikiwa umepata ya kwanza, angalia tarehe ya pili kwenye kadi, usingoje kuitwa. Watoto wenyewe, kufikia Julai hii ya 2021, hawachanjwi bado, ndiyo maana zamu ni yako.

Pili, weka ndoo ya maji na sabuni ya kipande nje ya mlango, si ndani. Anarudi, ananawa, anavua sare, sare inakwenda kambani, anavaa nguo za nyumbani. Mfanyie mchezo na asiruke hatua. Wakati wa kula, kaeni barazani penye upepo, kila mtu na sahani yake kwa sasa, ingawa najua sinia moja ndiyo utamu wenyewe. Akiwa na mafua, alale chumba kingine na ufungue madirisha. Dawa zako za sukari usizikatishe hata siku moja.

Kumpeleka Nairobi, hapana. Ametoka kupoteza mwaka, asipoteze na bibi. Akishanawa na kubadilisha nguo, mwache akae karibu nawe akusimulie ya shule. Siku ya kwanza hatasimulia kitu, atakwambia "hakuna". Muulize amekaa na nani.