Kabla hujafunga geti, zunguka mtaani kwanza

Mwaka 2019 tulihama Sinza, hapa Dar, tulikokuwa tumepanga tukaja Goba, pembeni ya jiji, kwenye nyumba ambayo haikuwa hata na silingi bodi, madirisha mawili tumeziba kwa mabati, ila tulikuwa tumechoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mpigo kwahiyo tukasema tunaingia hivyohivyo, tutamalizia tukiwa ndani. Pesa kidogo iliyobaki tukaipeleka kwenye ukuta na geti. Wengi tunaojenga huku ndo tunavyofanya. Sasa leo naongea na wewe ambae uko mbioni kuhamia Madale, Kinyerezi, Chanika, Kibamba au popote huko pembeni, maana kuna mambo mimi niliyajua kwa gharama na sipendi na wewe uyajue hivyo.

Sinza nilikuwa mpangaji tu. Maji yakikatika mwenye nyumba ndo anahangaika, gari la taka linapita, barabara ipo, mtaro upo. Huku vitu vingi vya namna hiyo vinafanywa na wenye mtaa wenyewe, na kama huwajui unabaki wewe na ukuta wako.

Nilivyokuja kujua hilo ni masika ya 2020. Goba ni vilima na makorongo, kiwanja changu kipo kwenye mteremko, na kabla sijajenga maji ya mvua yalikuwa yanatawanyika kwenye majani yanapita taratibu. Ukuta wangu ukayakusanya yote ukayapeleka kona moja, na chini ya hiyo kona kuna nyumba ya mzee mmoja mstaafu. Usiku mmoja mwezi wa nne mvua ilipiga mpaka alfajiri. Saa kumi na mbili nasikia hodi getini, natoka namkuta mzee kavaa kandambili, suruali kaikunja hadi magotini. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, mimi sijaja kugombana, ila njoo uone. Nikamfuata. Godoro limesimamishwa ukutani, mkewe yuko sebuleni anakomba maji na dishi, tope mpaka jikoni. Nimekaa hatua 30 kutoka kwao miezi tisa na hiyo ndo mara yangu ya kwanza kuingia pale, na jina la yule mama nilikuwa silijui. Nililia njiani nikirudi nyumbani kwa kweli.

Angetaka angenishitaki serikali ya mtaa na angekuwa na haki yake. Alichofanya alimwita mjumbe wa mtaa, tukakaa watatu barazani kwake, tukamwita fundi. Fundi akatoboa matundu chini ya ukuta kila baada ya hatua mbili hivi ili maji yapite yakiwa yamegawanyika, halafu tukachimba mtaro kwenye mpaka wetu hadi korongoni, na sehemu yenye mteremko mkali tukaupanga mawe ili usichimbike. Mimi nikalipa fundi, mzee akatoa mawe yaliyobaki kwenye msingi wake.

Kwahiyo cha kwanza nachokuomba, nenda kiwanjani kwako siku mvua inanyesha. Usiende na jua. Simama na mwamvuli uangalie maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, halafu waulize waliokutangulia pale, maana wao wameshaona masika kumi wewe hujaona hata moja. Fundi ukuta mwambie mapema aache matundu, ni rahisi kuyaacha kuliko kuja kutoboa. Na usiyaelekeze maji yako barabarani ukadhani umemaliza, barabara zetu hizi za udongo masika moja tu inakuwa mfereji, bajaji haipandi tena, na siku una mgonjwa ndani bodaboda anakuambia mama mi naishia hapa.

Maji ya matumizi nayo. Mwishoni mwa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua tukaingia kwenye mgao, wa Dar mnakumbuka. Mimi nilikuwa na tenki la lita 1,000 nikijiona niko sawa, liliisha wiki ya kwanza, na gari la maji, boza, unapiga simu unaambiwa foleni. Nyumba ya tatu kutoka kwangu wana kisima, maji yana chumvi kidogo ila kufulia na chooni yanafaa kabisa, na kwa sababu kipindi hicho nilikuwa nimeshajuana nao walinipa mpira nikavuta usiku mpaka tenki likajaa. Kuna familia mpya kule juu walikuwa wananunua kwenye mkokoteni kila siku wakati kisima kipo hapohapo nyuma yao, hawakuwa wanajua tu.

Na funga gata, tafadhali. Hesabu yake ni nyepesi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati inakupa lita moja. Bati la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 30 ni karibu lita 3,000 za bure, ukitoa kidogo zinazomwagika. Maji ya mwanzo yamwage, yana vumbi na uchafu wa ndege, na mdomo wa tenki funika kwa wavu kwa ajili ya mbu. Mwaka tuliohamia ndo ule dengi iliitesa Dar, usifanye mchezo na maji yaliyosimama.

Mjumbe mtafute wiki ya kwanza. Nenda na mwenzako, mjitambulishe, mumuachie na namba za simu. Siku unahitaji barua ya utambulisho ya kitambulisho cha taifa au kumdhamini ndugu yako, mwenyekiti wa mtaa anamuuliza mjumbe huyu mnamfahamu? Mimi nilizungushwa siku mbili kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Hela ya taka na ya ulinzi lipa bila kukumbushwa, sina mengi hapo.

Ila la msiba naomba unisikilize vizuri. Watu huku watakusamehe vitu vingi, kuchelewesha mchango, mziki wa Jumamosi, watoto wako kuvunja kioo, lakini usipoonekana msibani hawasahau. Na sio suala la hela. Ukiandikisha elfu tano kwenye daftari ukakaa kwenye kiti nusu saa umeonekana, ukikosa kabisa nenda asubuhi kabla ya kazi uwape pole wafiwa, kina mama tunaenda jikoni, hata ukikatakata vitunguu sufuria moja inatosha. Kuna chama chetu cha kufa na kuzikana, nilijiunga nikiwa nimechelewa sana.

Mwaka jana mke wa yule mzee alifariki. Uwanja wao ni mdogo na una mteremko, turubai lisingekaa, kwahiyo tukalifunga kwangu, viti vikapangwa kuanzia kibarazani hadi ukutani na geti likakaa wazi siku tatu usiku na mchana. Wengi waliopita pale walikuwa hawajawahi kuingia kwangu tangu nihamie. Mzee alikaa karibu na kona ileile ya matundu, na kila nikipita ananiuliza mwanangu umekula?

Jumamosi hii tunazibua mtaro kabla vuli haijaanza, mimi na yeye na vijana wawili wa jirani. Mchanga umejaa mpaka juu na kuna mtu katupa mifuko ya sementi ndani, itabidi nikaongee nae leo jioni.