Jibu: 17 Januari, mbali na Lumumba

Ndugu, umeuliza kama 17 Januari ina jambo lingine zaidi ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, mtu haulizi! Tarehe hiyo mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia mpaka Ziwa Kivu. Lumumba aliuawa 1961 pamoja na wenzake wa kisiasa Mpolo na Okito, karibu na Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Bondia Muhammad Ali naye ni mzaliwa wa siku hiyo, 1942 (yule wa pambano la Kinshasa). Ila Mzee Kabila (Rais Laurent-Désiré Kabila) usimtie humo: alipigwa risasi tarehe 16, mwaka 2001, ndiyo maana tunapumzika siku mbili mfululizo.