ULIZA TUKUJIBU: Satelaiti zina rada, mbona karafuu zangu zimeroa?

SWALI: Asalaam aleykum mhariri. Mie naanika karafuu hapa Konde, msimu huu mwanangu kaniekea apu ya mvua kwenye simu. Siku moja ikasema kavu, nikaingia zangu ndani kupika, mara mvua hiyo, karafuu za siku ya tatu zimeroa zote juu ya jamvi. Siku nyengine inasema Konde mvua inanyesha sasa hivi na mie nipo uwanjani nimejifunika kanga kwa jua. Nasikia siku hizi satelaiti zina rada zinaona mpaka ndani ya wingu. Sasa hiyo rada inaangalia wapi?
*Muanika karafuu, Konde, Pemba*

JIBU: Waaleykum salaam bibi, na pole sana, karafuu ya siku ya tatu ikiroa inauma kweli. Rada zipo, hujadanganywa. Ila apu yako haikuwa inaangalia kwa rada hiyo. Apu nyingi za simu zinatumia hesabu za utabiri za kompyuta, nyengine wanachanganya na picha za mawingu za satelaiti kama Meteosat, ambayo iko juu kilomita 36,000 hivi, na kutoka huko inachoona ni mgongo wa wingu tu. Inapima ubaridi wa kile kilele, wingu likiwa baridi sana maana yake ni refu, likiwa refu basi wanakisia linanyesha.

Hapo ndo penye matatizo yako yote mawili. Kuna mawingu ya juu mepesi, baridi kupita kiasi, yamesambaa kutoka kwenye dhoruba iliyo mbali huko, chini yake hakuna hata tone, jua linapenya unaungua. Halafu kuna mawingu yetu ya pwani, mafupi, yanakuja na upepo wa bahari, kilele chake wala hakijafika kwenye barafu, satelaiti ikilitazama inaliona si kitu, na hilo hilo linakumwagia mvua ya dakika ishirini likapita zake. Kwa karafuu dakika ishirini zinatosha kukutia hasara.

Sasa rada. Ya kwanza ya kupima mvua kutoka angani ilikuwa kwenye satelaiti ya TRMM, Marekani na Japani waliirusha pamoja Novemba 1997, ikafanya kazi mpaka 2015. Mrithi wake ni GPM, alirushwa Februari 2014 kutoka Tanegashima kule Japani. Yeye yuko chini, kilomita mia nne na kitu tu. Anafanya kama popo, anapiga mawimbi kwenda chini, yakigonga matone yanarudi, na kwa muda yaliochukua kurudi anajua tone liko urefu gani. Kwa hiyo anaikata mvua vipande vipande toka juu mpaka chini, si mgongo tu.

Lakini sikiliza hili maana ndo utamu wenyewe. Tone lenye upana mara mbili ya jengine lina maji mara 8, lakini mwangwi linaorudisha ni mara 64! Kwa hiyo rada ikisikia mwangwi mkubwa haijui kama ni matone machache manene au mengi madogo, na hayo hayana maji sawa. Ndo maana GPM ana rada mbili, moja ya gigahezi 13.6 na moja ya 35.5 (gigahezi ni kipimo cha wimbi linatetema mara ngapi kwa sekunde). Wimbi la pili ni fupi zaidi, linachoka mapema kwenye mvua nzito na matone makubwa linayajibu vyengine, basi wataalamu wakilinganisha majibu mawili wanapata ukubwa wa matone na hapo hesabu ya mvua inakaa sawa.

Na jengine ambalo wengi hawaamini: mvua nyingi kubwa za huku kwetu zinaanza kama theluji. Ndio, juu ya Konde hapo hapo. Ukipanda kiasi kilomita 5 hewa inaganda, na rada inaonesha mstari unaong'aa pale theluji inapoyeyuka kuwa maji, kwa sababu kipande cha theluji kilichoanza kuyeyuka kinarudisha mwangwi mkali kuliko kabla na kuliko baadae.

Kwa nini basi haikukusaidia? Kwanza, inapita mbio, kilomita 7 kwa sekunde, Pemba nzima toka Ras Kigomasha mpaka kusini inaimaliza kwa sekunde kumi hivi, na njia inayoipima ina upana wa kilomita 250 hivi tu, ikishapita inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi juu yenu. Pili, mwangwi wa ardhi na bahari ni mkubwa mno, unafunika mvua ya chini, ile kilomita moja au karibu mbili za mwisho haisomeki vizuri, na hizo mvua fupi za pwani nyingi zinajificha humo humo. Kazi yake kubwa ni kuwa kipimo cha kusahihishia satelaiti nyengine. Kulinda jamvi la mtu haikutengenezwa kwa hilo.

Tangu Mei 2024 ipo na EarthCARE, ya Ulaya na Japani, rada yake ni ya gigahezi 94, inaona hata vitone vya wingu ambavyo havijawa mvua na inapima vinapanda au vinashuka kwa kasi gani. Nzuri sana, ila na yeye ni mpita njia tu.

Kwa karafuu fuata utabiri wa kila siku wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na mie ningemuamini zaidi mtoto aliyekaa barazani anatazama upande upepo unakotoka. Akipiga kelele, anua.

SWALI: Huku Makunduchi watu wanasema mawimbi ya rada za satelaiti yanakausha mawingu, ndo vuli nyengine hazinyeshi. Kweli?
*Mkulima wa mwani*

JIBU: Hapana dada. Rada ya GPM ikipiga, nguvu yake ni kama kilowati moja, chini ya birika la umeme la chai, na inasambaa safari ya kilomita mia nne. Wingu halijui kama limepigwa. Vuli yetu inategemea sana bahari: upande huu wa Bahari ya Hindi ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia mvua zinazidi, kama 2019 na 2023, na ikigeuka kinyume vuli inakuwa ya kubahatisha. Huyo aliyeanza hiyo habari muulizeni mwaka 2019 rada zilikuwa likizo?

SWALI: Niko SUZA, nataka data za mvua za satelaiti kwa utafiti wa Unguja, bure, maana bando lenyewe tabu.
*Mwanafunzi, Tunguu*

JIBU: Tafuta IMERG ya NASA, ni bure, unajisajili tu. Inachanganya satelaiti nyingi zilizosahihishwa na GPM, inatoa makadirio kila nusu saa. Toleo la haraka linatoka baada ya muda wa saa 4 hivi, la mwisho linangoja miezi zaidi ya mitatu kwa sababu linarekebishwa na vipima mvua vya ardhini, kwa utafiti chukua hilo. Pakua mraba wa Unguja pekee, usishushe dunia nzima ukalimaliza bando. Ila kila kisanduku ni kama kilomita 11 kwa 11, kwa hiyo Paje na Bwejuu zinaweza zikaangukia kwenye kisanduku kimoja na chengine kikawa nusu bahari, msimamizi wako atakuuliza hilo kabla hujamaliza kukaa. Nenda na namba za vipima mvua vya TMA pembeni uzilinganishe kwa mwezi, kwa siku moja moja zitakutesa.