Kilti ya harusi na koti lake

SWALI: Fundi shikamoo, naolewa Glasgow na mchumba wangu Mskoti anataka kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa kwao, nataka nimshonee mwenyewe pamoja na koti la kuendana. Kitambaa kiasi gani?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera! Chukua tartani (kile kitambaa cha miraba ya rangi) ya sufu nzito, polyester marinda hayakai vizuri. Kilti kamili inakula yadi 8 yaani mita 7 na kitu, ila kama upana ni mita 1.5 nunua mita 4 hivi, kata katikati kwa urefu halafu unga, na maungio uyafiche ndani ya rinda. Mbele acha bapa, vipande vipishane, marinda yote nyuma na kila rinda likunjwe pale ambapo mistari inajirudia ili mchoro usivunjike, hapo ndo kazi ilipo usikimbilie cherehani, shona kwa mkono kutoka kiunoni hadi kwenye makalio tu basi. Chini usipinde pindo, ule ukingo wa kiwandani unatosha, ufike katikati ya goti. Koti mi nisingelishona kwa tartani hiyohiyo, atageuka pazia! Tafuta tweed, kitambaa kizito cha sufu, yenye rangi mojawapo ya kwenye kilti, na ulikate fupi kuliko la suti ili ule mkoba mdogo unaoning'inizwa mbele ya kilti uonekane.