Madoa ya wino na haiba ya mtu: jibu kwa aliyeuliza kuhusu usaili wa mdogo wake

Ndugu, umeeleza kwamba mdogo wako alionyeshwa kadi za madoa ya wino katika usaili wa kazi, akasema anaona ngozi ya mnyama iliyotandazwa, kisha akaambiwa kuwa ana ukatili uliojificha na hafai kuongoza wenzake. Unauliza kama hukumu hiyo ina msingi wa kisayansi. Haina, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyefundishwa kupima kwa kadi hizo nilipokuwa nikisoma saikolojia Marekani, na ambaye kwa mihula miwili niliziamini mno.

Kama kadi aliyoonyeshwa ni ya sita kati ya kumi za kipimo hiki, basi ngozi ya mnyama ni miongoni mwa majibu ya kawaida kabisa, yaliyomo hata katika orodha ya majibu ya watu wengi. (Kwetu, ambako ngozi ya mbuzi hutandikwa uani watu wakaketi, ningeshangaa asingeiona.)

Hermann Rorschach, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alichapisha kadi zake kumi mwaka 1921 na kufariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 37, kazi ikiwa bado changa. Huko Marekani ikazaa mifumo mitano ya kusahihisha majibu isiyoafikiana, hadi mwanasaikolojia John Exner alipoiunganisha mwaka 1974. Huo wa Exner ndio niliojifunza. Ndani yake kitu kilichoonwa si hoja kuu: huangaliwa mtu ametumia sehemu gani ya doa, kama umbo alilotaja linafanana nalo kweli, na kama rangi au mwendo umemwongoza.

Siku moja mwalimu wetu alitugawa makundi mawili, akatupa majibu ya mtu mmoja pamoja na maelezo mafupi ya maisha yake. Kundi langu, lililoambiwa kuwa huyo ni mfungwa, liliona chuki kila mahali. La pili, lililoambiwa kuwa ni mjane, likaona majonzi. Majibu yalikuwa yale yale, neno kwa neno, na mimi ndiye niliyesimama kuitetea ile chuki kwa ufasaha. Baadaye nilisoma utafiti wa Loren na Jean Chapman wa mwaka 1969, ambamo wanafunzi walioonyeshwa majibu yaliyooanishwa na matatizo ya watu pasipo uhusiano wowote waliona uhusiano ule ule ambao wataalamu waliuamini kwa miaka mingi.

Hata viwango vya kulinganishia vilikuwa na kasoro. Katika kumbukumbu 700 za watu wazima wasio wagonjwa alizotegemea Exner, 221 zilikuwa zimehesabiwa mara mbili, na watafiti waliopima watu wazima wenye afya walikuta wengi wao wakionekana wagonjwa.

Hata hivyo sitasema kadi hizi ni upuuzi mtupu. Mwaka 2013 Joni Mihura na wenzake walikusanya tafiti za vipengele 65 vya mfumo wa Exner, na vile vinavyohusu kuvurugika kwa fikra na kuona vitu visivyolingana na doa, kama inavyotokea katika ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, vilipata ushahidi mzuri, kiasi kwamba wakosoaji wakubwa walilegeza msimamo wao katika jambo hilo. Vingine havikupata chochote. Na majibu ya madoa yalipolinganishwa na yale ambayo watu husema wenyewe juu ya nafsi zao, uwiano wa wastani ulikuwa 0.08 tu, yaani karibu na sifuri.

Mwambie mdogo wako aulize kwa maandishi mambo mawili: majibu yake yalisahihishwa kwa mfumo gani, na maneno yake yaliandikwa yote jinsi alivyoyatamka au la. Sisi tulitumia zaidi ya saa moja kwa mtu mmoja kabla ya kuanza kusahihisha. Yeye, kwa maelezo yako, alionyeshwa kadi tatu ndani ya dakika kumi.