Mjusi hapatikani

SWALI: Tunaandaa bango la ufukweni kuhusu mjusi mdogo wa mawe ya pwani. Nimeandika: "Mijusi hii inapatikana katika mwambani." Mwenzangu anashikilia iwe "mijusi hawa". Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako. Mjusi ana uhai, hivyo hufuata ngeli ya a-/wa- hata wingi wake ukianza na mi-: mijusi hawa, kama mitume hawa. Na "katika mwambani" ni kuvaa kofia mbili; vua moja. Hayo yamekwisha.

Ugomvi wangu uko kwenye "inapatikana". Shina ni pata, likaongezwa -ikan-: kinachopatikana ni kile ambacho mtu akikitafuta atakipata. Sukari hupatikana dukani. Mtoto aliyepotea hupatikana kituoni. Mjusi huyu kamtafute uone: kivuli chako kikigusa jiwe tu, keshajipenyeza ufani.

Tena kitenzi hiki kimemeza vingine vyote. Mjusi wenu, kwa jina la kisayansi Cryptoblepharus africanus, kama sentimita 12 pamoja na mkia, anaishi pwani kuanzia Somalia hadi kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na kutwa ana shughuli. Hukaa kwenye mawe ya matumbawe yaliyochongoka, juu kidogo ya wimbi linapoishia. Huota jua. Maji yakipwa huteremka hadi kwenye mwamba ulioachwa wazi, akawinda wadudu, vijikaa, hata kisamaki kilichokwama dimbwini. Maji yakijaa hupanda tena. Wala hapepesi macho: kope zake zimeungana zikawa kama kioo, na ndilo jina lake la Kigiriki, "kope iliyofichika". Yote hayo bango lenu linayamaliza kwa "inapatikana", utadhani anauzwa kwa kilo!

Utetezi naujua. "Dhahabu inapatikana Geita." Sawa, watu wanaichimba usiku na mchana. "Simba anapatikana Serengeti." Haya, mtalii amelipa amtafute, nitajifanya sikusikia. Lakini mjusi wa mwambani katafutwa na nani? Anaishi, anakaa, ana maskani, Kiswahili hakijaishiwa.

Andikeni: "Mijusi hawa hukaa mwambani na huteremka kuwinda maji yakipwa." Kama mchoraji keshapaka rangi na fedha zimekwisha, basi afute hiyo "hii" na "katika", aandike "wanapatikana". Nikipita hapo nitatazama baharini.