Kuunganisha rekoda na simu: anza na USB, tundu la hedifoni liwe la mwisho

Mkuu, umesema ukichomeka waya kutoka tundu la hedifoni la rekoda hadi lile la simu, simu inaendelea kunasa kwa maiki yake yenyewe, na siku ikikubali, gitaa linapasuka. Mimi hurekodi kwaya na magitaa kwa simu na rekoda mara kwa mara, na shida hiyo ina sababu mbili tofauti.

Angalia plagi yako. Ikiwa na mikanda miwili myeusi, ina sehemu tatu tu: kushoto, kulia na ardhi. Simu inahitaji plagi ya mikanda mitatu, kwa sababu sehemu ya nne ndiyo ya maiki. Isipoiona, inajua umechomeka hedifoni basi. Sababu ya pili ni nguvu. Sauti inayotoka kwenye rekoda ni kubwa mno kwa njia ya maiki ya simu, na ikishapasuka pale, kuipunguza baadaye hakurudishi kitu. Zipo waya zenye vipingamizi ndani vya kuipunguza, lakini hata hizo zinaingiza mono tu, yaani sauti ya njia moja. Rekoda ina maiki mbili, halafu unatupa steriyo yote, yaani kushoto na kulia, njiani! Inaniuma kweli.

Kwa hiyo tumia USB. Rekoda kama Zoom H1n, Zoom H5 au Tascam DR-40X zinaweza kugeuka kuwa maiki ya USB. Kwenye menyu tafuta Audio Interface au Audio I/F. Ukichagua kadi ya kumbukumbu badala yake, simu itaiona rekoda kama flashi tu. Android inatambua vifaa vya sauti vya USB tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. iPhone zina USB-C kuanzia iPhone 15. Za Lightning zinahitaji adapta ya kamera ya Apple.

Adapta ya OTG, ile inayoiwezesha simu kuendesha vifaa vya USB, ikae upande wa simu, kwa sababu simu ndiyo inayotakiwa kuongoza. Na waya uwe wa data. Kuna waya za chaji tupu ambazo rekoda inawaka vizuri lakini simu haioni chochote, na watu huishia kuilaumu rekoda bure. Kama menyu inakuruhusu kuchagua chanzo cha umeme, chagua betri za rekoda, vinginevyo inanyonya simu, na iPhone inaweza kuikataa kabisa.

Sasa hakikisha simu inasikiliza maiki ipi. Anza kurekodi, kwaruza taratibu kwa ukucha kando ya maiki ya rekoda, kisha kwaruza chini ya simu, halafu sikiliza. Kama mkwaruzo wa simu ndio mkubwa, programu ya kamera imepuuza rekoda. Open Camera kwenye Android inakuachia uchague chanzo cha sauti.

Kwenye viwango usiwe na haraka. Mwombe mwimbaji aimbe kile kipande anachopaza sauti kuliko vyote, si ule mwanzo wa upole, na upandishe geini, yaani nguvu ya kunasa ya maiki, hadi vilele vya kipimo cha sauti kwenye rekoda viguse kama desibeli -12. Akishika wimbo kwa moyo wote ataongeza tena, na nafasi hiyo itamwokoa. Zima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, maana unavuta juu kelele za chumba kila gitaa linaponyamaza. Kwa video weka kiwango cha sampuli cha kilohezi 48 (48 kHz). Simu iwe kwenye hali ya ndege. Hedifoni zako chomeka kwenye rekoda, kwani kupitia simu sauti huchelewa na kumvuruga mpigaji.

Jambo moja lipime kabla ya onyesho lolote: rekoda nyingi zikiwa maiki ya USB haziandiki kwenye kadi, kwa hiyo simu ikizima, kila kitu kimepotea. Kwa tamasha lisilorudiwa mimi siunganishi kabisa. Rekoda inanasa kwenye kadi yake, simu inachukua picha, napiga kofi moja kubwa mbele ya kamera, kisha nalinganisha kofi hilo wakati wa kuhariri. Rekodi ikiwa ndefu sana, linganisha na mwishoni pia, maana saa za vifaa hivi viwili haziendi sawasawa na midomo huanza kuachana na maneno.